Debe la Bolti za Mzee

Nyumbani kwetu bolti haikuwa na jina lake. Iliitwa kwa spana inayoifungua. Baba yangu, ambaye alikuwa fundi wa magari tangu nizaliwe, akisema "lete ya kumi na saba," nilijua anataka bolti ambayo kichwa chake kinashikwa na spana namba kumi na saba. Mwili wake una unene gani, nyuzi zake, ile mizunguko inayoshika nati, ni za namna gani, hayo hayakutuhusu. Mafundi wote kuanzia Uthiru hadi Dagoretti Corner huita hivyo, na unapofungua gari ni njia nzuri tu. Unapoenda dukani kununua ni njia ya kijinga. Ila mzee hakunifundisha kununua bolti, kwa sababu katika maisha yake yote sikumwona akinunua hata moja. Alikuwa na debe.

Debe lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, lililokatwa mdomo na kupigwapigwa kingo ili lisikate mikono. Kila gari lililokufa mikononi mwake lilimwachia kitu. Alizisafisha bolti kwa mafuta taa na kuzikagua moja moja, na ile aliyoiona bado ina nguvu aliipaka tone la rangi nyekundu kichwani kabla ya kuitumbukiza. Mama yangu alipofariki, nilienda kumchukua baba kule magharibi nikamleta Uthiru, kwenye nyumba yetu ya kupanga. Alikuja akiendesha gari lake mwenyewe, gari dogo la Kijapani lenye umri wa kutosha kuoa, na ndani yake vitu vitatu: sanduku la nguo, Biblia, na debe.

Aliishi nasi miaka minne. Mwaka jana, mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya mawingu isiyokupa hata nusu saa ya jua, daktari aliniita pembeni. Aliniambia bila kuzunguka kwamba hakuna dawa nyingine ya kumpa. Kama mzee anataka kurudi kwao, nimpeleke wiki hiyo hiyo, angali anaweza kuketi.

Na mzee alitaka. Kwetu mwanamume aliyejenga haombi kufia kwenye nyumba ya mwingine, hata ikiwa ya mwanawe. Alikuwa na nyumba yake ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa mikono, na chumba chenye kitanda alichokitengeneza seremala wa pale kijijini mwaka aliooa. Alitaka kulala pale.

"Nilikuja na hii gari," aliniambia, "na nitarudi nayo."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilimpigia simu shangazi, dada yake, anayekaa jirani na boma. Nikamwambia tungeondoka Jumatano asubuhi na kufika jioni. Akasema atafungua madirisha nyumba ipate hewa, na atatandika kitanda.

Shida ilikuwa gari. Upande wa mbele ulikuwa unagonga kila ukipita shimo, na usukani unavuta kushoto. Nilijua ugonjwa wake: mikono ya chini, vile vyuma viwili vinavyoshika magurudumu ya mbele, ilikuwa imechoka. Kusafiri siku nzima nayo hivyo na mgonjwa ndani ni wazimu. Mafundi wa gereji walitaka niwaachie gari wiki nzima, wana foleni. Nikasema nitaifanya mwenyewe, hapo uani. Nilinunua mikono mipya, nikaomba ruhusa kazini (mimi ni mtu wa ofisi, nakaa na karatasi), na Jumanne asubuhi nikapandisha gari juu ya jeki na mawe.

Niseme ukweli kwa nini. Dirisha la chumba cha mzee linatazama uani. Nilitaka anisikie nikifanya kazi. Mimi ndiye mwana aliyekataa kuwa fundi, aliyesema mikono yake haikuumbwa kwa grisi, na yeye hakuwahi kulaumu wala kusifu. Nilitaka mara moja tu asikie spana mikononi mwangu.

Alisikia mengi. Bolti nne zilizoshika ile mikono, mbili kila upande, zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu. Nilizipaka mafuta, nikazipiga nyundo, nikazitukana. Mwisho nikaazima grenda kwa jirani nikazikata katikati. Mikono ya zamani ikatoka, vipande vya bolti nikavitupa kando, na mikono mipya ikaingia mahali pake vizuri sana. Ndipo nikasimama nikatazama matundu manne yasiyo na kitu. Duka la mikono lilikuwa limeniuzia mikono. Bolti haziji nayo.

Mzee aliita kutoka dirishani. Nikaenda kuosha mikono nikaingia. Alikuwa ameegemea mito miwili, blanketi hadi kidevuni.

"Umekata?"

"Nimekata, mzee."

"Sasa angalia kwa debe. Ziko za hiyo gari huko."

Nilisimama pale mlangoni, na hapa ndipo ninapojichukia. Debe halikuwapo. Lilikuwa limekaa nyuma ya mlango wa jikoni miaka miwili, mke wangu akijigonga vidole vya miguu kila wiki, likiacha duara la kutu kwenye sakafu ya mwenye nyumba. Jumamosi moja, nilipodhani mzee amelala, mnunuzi wa vyuma kuukuu alipita na mkokoteni wake. Nikalibeba debe nje. Mtu yule alilimimina kwenye gunia ili alipime, na kelele ya zile bolti zikimwagika naikumbuka. Pesa yake ilinunua mkate na maziwa. Mzee hakuwahi kuuliza, na mimi nikachukulia kwamba amelisahau.

"Nitaangalia," nikasema.

Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji kwa muda unaotosha mtu kuchambua debe. Kisha nikarudi.

"Nimeangalia. Hazimo."

Alinitazama. "Basi," akasema.

Jumatano asubuhi, wakati tulipopaswa kuwa tumeshapita mteremko wa Bonde la Ufa, nilikuwa kwenye duka la vifaa hapo Uthiru. Mama mwenye duka alikuwa amejifunga leso mbili kwa baridi.

"Sasa. Nikupee nini?"

"Bolti za kumi na saba. Nne. Ndefu hivi," nikamwonyesha kwa kiganja.

Hakuuliza zaidi. Hapa kwetu hakuna anayeuliza zaidi. Alinipa bolti nne zinazong'aa, kichwa kumi na saba barabara, na nati zake. Nilifika nyumbani nikalala kwenye matope chini ya gari na kusukuma ya kwanza. Iliingia kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Ilicheza huku na huku. Kichwa kilikuwa sawa, lakini mwili ulikuwa mwembamba. Nilivyokuja kuelewa baadaye, bolti ya Kijapani yenye kichwa cha kumi na saba huwa na mwili wa kumi na mbili, na hizi tunazouziwa, kwa kichwa hicho hicho, huwa na mwili wa kumi. Spana haijui tofauti. Spana ndiyo iliyonifundisha.

Nakiri nilifikiria kuziacha. Ukikaza sana, labda zingeshika. Nilikaa pale chini nikihesabu mashimo ya barabara ya kwenda kwetu.

"Zimeingia?" mzee akauliza kutoka dirishani.

"Zimeingia."

"Zimeingia namna gani?"

Niliichezesha ile bolti kwa kidole.

"Kama zimeingia bila kugusa ukuta, si zake. Toa." Akakohoa kitambo kirefu. "Umeangalia kwa debe vizuri? Huwa zinakaa chini, ni nzito."

"Nimeangalia hadi chini, mzee."

Shangazi alipiga simu jioni kuuliza tumefika wapi. Nikamwambia kesho.

Alhamisi nilishuka mjini, Barabara ya Kirinyaga, ambako ukikosa kitu cha gari basi hakijatengenezwa. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, na lami yote pale ilikuwa nyeusi kwa mafuta. Kuna duka la bolti tupu, vijisanduku vya mbao kutoka sakafuni hadi darini, na mwenyewe ni mzee wa kilemba, Singasinga, aliyezaliwa Nairobi hii hii na anayezungumza Kiswahili cha Nairobi kuliko mimi. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili ili ajipashe moto.

"Mwili kumi na mbili, hiyo tumejua," akasema. "Leta ya zamani nione nyuzi."

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeacha vipande uani.

"Nyuzi ni za kawaida tu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya mafundi, na nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi.

"Kawaida ya nani?"

"Ya kawaida."

Alinitazama kidogo, akaweka kikombe chini, akanihesabia nne. Mteja akishasema anajua, utafanyaje?

Nati za gari lile zimechomelewa kwenye fremu, huwezi kuzibadilisha. Bolti ndiyo inayopaswa kuzifuata. Mchana ule nilisukuma ya kwanza ikapita kwenye tundu ikijaza kila upande, hadi nikatabasamu peke yangu chini ya gari. Ikazunguka mara moja, mara mbili, ikagoma. Nikaweka spana. Ikagoma zaidi. Nyuzi za bolti zilikuwa pana, za nati zilikuwa laini, zimekaribiana, na kama ningeongeza nguvu kidogo ningeharibu nati na safari yote. Niliitoa taratibu, huku nikiomba Mungu, kisha nikalala pale pale na matope mgongoni, hasira imenipanda hadi nikaogopa.

Mke wangu alikuja akachuchumaa kando ya gurudumu. Yeye ni mtu wa maneno machache, na anapochuchumaa ujue amefikiria.

"Tukodi gari," akasema. "Kesho asubuhi awe ameshafika."

Lilikuwa neno la busara, na kila mtu mwenye akili timamu angelikubali. Nikamwambia bado kidogo. Aliingia ndani kumwuliza mzee mwenyewe, na nikamsikia mzee akijibu kupitia dirisha, sauti imekuwa nyembamba tangu asubuhi.

"Hapana. Ngojea kijana amalize."

Nilifurahi. Nilidhani ananiamini na kazi.

Jioni hiyo nilipompelekea uji alikunywa vijiko vitatu. Akaniuliza tena, polepole, akipumzika kati ya maneno, kama nimekumbuka kutafuta kwa debe. Nikamwambia mzee, usijisumbue na debe, debe nimelichambua lote. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imemaliza siku tatu na nilikuwa bado natembea.

Ijumaa nilitafuta vipande vya zile bolti nilizokata. Mke wangu alikuwa amefagia ua, kwa hiyo nilipekua pipa la taka hadi nikapata kimoja chenye nyuzi. Yule mzee wa kilemba aliponiona nikikiweka kwenye kaunta hakunicheka. Alichukua kifaa chenye meno kama kitana, akakilaza kwenye nyuzi.

"Laini," akasema. "Hii huwezi pata mpya leo. Njoo."

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo bila dirisha na mapipa matatu yamejaa bolti kuukuu. Alizinunua kwa watu wa mikokoteni, akaniambia, wanaozileta kutoka mitaani: Kangemi, Uthiru, Kawangware, kote. Watu hawajui wanachouza, akasema. Akaniwashia taa ya simu yake akainama pamoja nami, mtu wa umri wa baba yangu, tukaanza kuchambua.

Sijui ulipita muda gani kabla sijagundua kwamba sikuwa natafuta unene wala nyuzi tena. Nilikuwa nageuza vichwa. Nilikuwa natafuta tone la rangi nyekundu. Niligeuza mamia, vidole vikawa vyeusi na kuchubuka, na sikuona hata moja. Kwa aibu nilizigeuza kwa pupa hadi yule mzee akaniuliza kama nimejikata.

Ni yeye aliyezipata zile nne. Alizijaribu moja baada ya nyingine kwenye nati ya nyuzi laini aliyoitoa mfukoni, akazifuta kwa kitambaa, akanipa.

"Gari ya nani?"

"Ya baba yangu. Nampeleka nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa yote. Nadhani alielewa.

Saa kumi alasiri zote nne zilikuwa zimeingia. Ziliingia kwa vidole hadi mwisho, bila kulazimishwa, na spana ikahitajika kwa ule mkazo wa mwisho tu. Nilishusha gari, nikaliendesha hadi lango la jirani na kurudi, nikipita makusudi kwenye kila shimo. Kimya. Nikaingia chumbani bila hata kunawa.

Alikuwa amelala chali, mito imeondolewa. Tangu mchana hakuweza kuketi, mke wangu alikuwa ameniambia mlangoni, na mimi nikajibu kwamba kiti cha mbele kinalazwa.

"Mzee, zimeingia."

"Kwa vidole?"

"Kwa vidole mpaka mwisho."

Akafumba macho, akafumbua. "Hiyo ni kazi," akasema. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nivae suruali ndefu. Halafu akasema, "Ulizitoa kwa debe?"

Nilikuwa na nafasi. Sitaki kujitetea: nilikuwa na nafasi, chumba kilikuwa kimya, na yeye ananitazama kwa upole.

"Hapana," nikasema. "Kwa debe hazikuwa."

"Zilikuwa nane," akasema. "Za hiyo gari. Nilizipaka rangi mimi mwenyewe." Akapumzika. "Ile Jumamosi nilikuwa hapa kwa dirisha. Nilimwona yule mtu akimimina."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nikauliza swali la mtoto: mbona hukunikataza?

"Nyumba ni yako," akasema. "Mgeni hakatazi mwenye nyumba."

Miaka minne tulikuwa tumekula meza moja, na sikujua kwamba alijihesabu mgeni. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mikono ya grisi nimeiweka nyuma nisichafue shuka.

"Sasa wiki yote ulikuwa unaniuliza debe..."

"Nilitaka useme wewe mwenyewe. Halafu twende."

"Nisamehe, mzee."

Aligeuza uso dirishani, kisha akasema, "Kesho kabla hatujatoka, kaza tena. Bolti ikishalala usiku mmoja hulegea."

Jumamosi asubuhi, kukiwa kumepambazuka vizuri, nilitoka na spana nikazikaza zote nne. Mbili zilikuwa zimelegea, kama alivyosema. Nililaza kiti cha mbele, nikatandika blanketi, nikawasha gari lipate joto. Mke wangu aliingia kumvisha koti. Akatoka bila koti, akasimama kwenye ngazi akinitazama, na mimi nikazima injini.

Tulimsafirisha Alhamisi iliyofuata, kwenye gari la kukodi lililotengenezwa kwa ajili ya kubeba majeneza. Mimi nilifuata nyuma na gari lake siku nzima, kiti cha mbele kikiwa kimelazwa, kwa sababu mkono wangu ulikataa kukiinua. Halikugonga hata mara moja. Pale bomani mjomba mmoja alilizunguka, akalisukuma bega la mbele kwa kiganja, akasema fundi aliyefanya hii kazi anajua kazi.

Watu walipokuwa wakipanga viti uani niliingia ndani hadi chumbani kwake. Madirisha yalikuwa wazi. Shangazi alikuja nyuma yangu, akaniomba radhi kwa vumbi lililokuwa juu ya shuka. Alisema alikuwa amekitandika kile kitanda Jumatano ya kwanza, kama nilivyomwambia, na hakutaka kukigusa tena kabla mwenyewe hajafika.